Upimaji wa Shinikizo la Damu kwa Watoto

Shinikizo la damu la mtoto hupimwa kwa sababu mbili: kugundua ugonjwa ambao tayari upo, hasa wa figo au moyo, na kukadiria kama mtoto huyo atakuja kuugua presha ukubwani. Sababu ya kwanza haina ubishi. Ya pili imewashughulisha watafiti tangu miaka ya 1970, na mpaka leo hawajakubaliana.

Kwa mtoto hakuna kikomo kimoja cha presha. Uchunguzi wa Brompton, jijini London, ulionyesha kwamba shinikizo la sistoli, yaani la wakati moyo unapojikaza, hupanda kutoka wastani wa milimita 76 za zebaki siku ya nne baada ya kuzaliwa hadi 96 katika wiki ya sita, kisha hutulia hadi mwisho wa mwaka wa kwanza. Baadaye hupanda polepole jinsi mwili unavyokua. Kwa hiyo mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri, jinsia na kimo chake. Akiwazidi 95 katika kila 100, presha yake huhesabiwa kuwa ya juu. Sistoli ya 118, ambayo haimtishi mtu mzima yeyote, ni ya juu kwa mtoto wa miaka 5. Kuanzia miaka 13, mwongozo wa Marekani wa 2017 hutumia kikomo cha watu wazima, 130/80.

Makosa mengi hutokana na mkanda wa kufunga mkononi. Ukiwa mwembamba mno, presha huonekana kubwa kuliko ilivyo. Upana wa mfuko wake wa hewa unatakiwa kufikia angalau asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Kilio na kunyonya pia hupandisha kipimo. Mkono wa kulia ndio hutumiwa, kwa kuwa aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ikiwa imebanwa tangu kuzaliwa inaweza kushusha presha ya mkono wa kushoto. Mashine ikionyesha presha ya juu, kipimo hurudiwa kwa stetoskopu, na uamuzi hungoja mahudhurio matatu tofauti.

Je, aliye juu utotoni hubaki juu? Watoto wa Muscatine, Iowa, na wa Bogalusa, Louisiana, walifuatiliwa hadi utu uzima. Mwaka 2008 uchambuzi uliokusanya tafiti 50 za namna hiyo ulipata uwiano wa 0.38 kwa sistoli na 0.28 kwa diastoli, yaani shinikizo la wakati moyo unapolegea, ilhali 1 ingekuwa uwiano kamili. Uhusiano upo, lakini ni hafifu: unafaa kueleza hali ya kundi kuliko kumtabiria mtoto mmoja. Huimarika umri unapoongezeka. Kwa wachanga ni dhaifu sana.

Hata hivyo uchanga si kipindi cha kupuuzwa. Huko Uholanzi, wachanga 476 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakalishwa chumvi ya kawaida na wengine chumvi kidogo kwa miezi 6. Mwishoni sistoli ya kundi la pili ilikuwa chini kwa milimita 2.1, na miaka 15 baadaye, kati ya wale waliopatikana tena, tofauti ilikuwa 3.6. Uzito mdogo wa kuzaliwa nao umehusishwa na presha ya ukubwani, hoja iliyoenezwa na David Barker wa Uingereza.

Mwongozo wa 2017 unataka kila mtoto apimwe mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 3. Jopo la Marekani la huduma za kinga lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi wa kupima watoto wasio na dalili hautoshi. Kwa walio chini ya miaka 3, wanaopimwa ni wenye sababu maalumu: njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32, waliowekewa mrija katika ateri ya kitovu, na wenye kasoro za moyo au figo. Kliniki za watoto za Afrika Mashariki hujikita katika uzito na chanjo, hivyo mzazi wa mtoto wa aina hii anastahili kuomba kipimo cha presha bila kungoja dalili.