Komboa, Ukombozi, Mkombozi: Maana na Matumizi

Komboa kt [ele] 1. lipa deni ili kurudisha kitu kilichowekwa rehani. 2. toa mtu utumwani au kifungoni kwa kulipa mali. 3. toa watu au nchi katika utawala wa dhuluma. 4. (katika Ukristo) toa mwanadamu katika utumwa wa dhambi kwa kifo cha Kristo.
Mnyambuliko: kombolea, kombolewa, komboleka.
Nomino: ukombozi, mkombozi (wa-).

Kiini cha maana

Maana zote nne zinashirikiana katika jambo moja: kilichokombolewa kilikuwa mkononi mwa mwingine, na hakikuweza kujitoa. Katika maana mbili za kwanza, thamani ilitolewa waziwazi. Mkulima aliyeweka shamba rehani hulikomboa kwa kulipa deni. Wafiwa wanaodaiwa gharama za matibabu husema wamekwenda kuukomboa mwili wa marehemu. Katika shughuli za bandarini Tanzania, umbo linalosikika zaidi ni *gomboa*: kugomboa mizigo ni kuilipia ushuru na tozo ili itoke forodhani. Mwanafunzi asilione umbo hili kuwa kosa la matamshi. Limepata uwanja wake wa matumizi.

Katika Biblia

Mambo ya Walawi 25 inaeleza jinsi jamaa wa karibu alivyopaswa kukomboa ardhi ya ndugu aliyefukarika, hata kumkomboa ndugu mwenyewe aliyejiuza. Kiebrania humwita jamaa huyo *go'el*. Boazi katika kitabu cha Ruthu ndiye mfano wake unaojulikana zaidi: ukombozi wake ulihusu shamba, mjane na jina la marehemu kwa pamoja. Kwa hiyo *go'el* hubeba undugu ambao *mkombozi* peke yake haliuonyeshi. Ndiyo maana Biblia ya Union Version (1952), inayotumia *komboa* katika Ruthu 4, imechagua *Mteteaji* katika Ayubu 19:25, ambapo hakuna shamba wala deni, bali mtu anayetafuta wa kusimama upande wake.

Agano Jipya la Kigiriki linatumia maneno ya ukoo wa *lytron*, yaani malipo ya kumtoa mtumwa au mateka. Swali la nani aliyelipwa liliwagawa wanateolojia wa kale: Origen alielekea kusema ni Shetani, Gregory wa Nazianzus akalikataa wazo hilo. Mfasiri asilijibu swali ambalo matini imeliacha wazi. Asiongeze *kwa Shetani* wala *kwa Mungu* pasipokuwapo.

Kukombolewa na kuachwa huru

Maneno haya mawili si sawa, na historia ya pwani yetu inaonyesha kwa nini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walinunua watumwa, wengi wao watoto, ili kuwakomboa. Waliokombolewa walitoka mikononi mwa wafanyabiashara, lakini waliishi na kufanya kazi chini ya mamlaka ya misheni. Walikuwa wamekombolewa, ni kwa kiasi gani walikuwa huru ni swali jingine. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 6, anawaambia waamini kwamba wamenunuliwa kwa thamani, na kwa sababu hiyo wao si mali yao wenyewe. Mahali kama hapo, kuandika *wameachwa huru* kungeondoa nusu ya hoja yake.

Maneno yanayochanganywa

*Wokovu* (okoa) ni kutolewa hatarini, na hauhitaji kutaja malipo. Mvuvi huokolewa baharini, hakombolewi. Tena mtu husema *nimeokoka*, lakini husema *nimekombolewa*: umbo la kutendwa humfanya msikilizaji aulize, na nani?

*Fidia* ni kile kinacholipwa, ilhali *ukombozi* ni tendo au matokeo yake. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na hutumika pia katika fikihi kwa malipo ya asiyeweza kufunga, na katika sheria kwa malipo ya aliyepata hasara.

*Kafara* ni kinachotolewa ili kuondoa dhambi au balaa. Hulenga kosa, si kifungo.

Ukombozi wa roho na ukombozi wa nchi

Kiswahili kinatumia neno moja pale ambapo lugha nyingi za Ulaya zina mawili. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1963 na kuwa na makao Dar es Salaam, haikuhusika na dhambi. *Teolojia ya ukombozi*, iliyopata jina kupitia kitabu cha Gustavo Gutiérrez cha mwaka 1971, inahusu yote mawili kwa makusudi. Muktadha usipotosha, mfasiri aongeze kivumishi au kijalizo: *ukombozi wa kisiasa*, *ukombozi katika Kristo*.

Katika maisha ya kila siku

Muumini anayesema *nimekombolewa* anajitambulisha kama mtu aliyelipiwa deni asiloweza kulilipa. Hivyo neno hili lina madai ya kimaadili: ni vigumu kulitamka Jumapili na Jumatatu kukatalia shamba la jirani ambaye amekwisha kulipa. Waefeso 5:16 inalipanua hadi kwenye wakati, unaokombolewa kwa kutumiwa vyema. Matumizi hayo ni ya kisitiari. Nje ya muktadha wa kidini, *tumia vyema wakati* hueleweka haraka zaidi.

Mifano

1. Aliuza ng'ombe wawili akalikomboa shamba la baba yake.
2. Wakristo huamini kwamba Kristo amewakomboa kwa damu yake.
3. Zimamoto waliwaokoa (si *waliwakomboa*) watoto ndani ya nyumba iliyoungua.
4. Jamaa walitoa fidia, mateka wakakombolewa.