Majaribio ya Kiotomatiki ya Mifumo ya Malipo ya Serikali

Majaribio ya kiotomatiki ni programu zinazokagua mfumo wa TEHAMA kila unapofanyiwa marekebisho, kabla marekebisho hayo hayajawafikia wananchi. Kwa mteja wa Bandari ya Tanga anayelipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hitilafu yaweza kumaanisha fedha kukatwa huku mzigo ukibaki bandarini.

Majaribio huendeshwa katika mazingira yaliyotengwa, kwa kanzidata yenye taarifa za kubuni zinazorejeshwa katika hali ya awali baada ya kila jaribio. Hupimwa malipo sahihi, namba iliyokosewa, muamala uliojirudia na mtandao kukatika. Jaribio moja likishindwa, toleo jipya husitishwa.

Usimamizi wa viwango vya mifumo katika taasisi za umma ni jukumu la Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019.