Kiswahili cha Sala katika Nyanda za Uasin Gishu

Chepsaita, kama kionyeshavyo kiambishi chake cha mwanzo, ni jina la Kikalenjin. Hata hivyo, mtu atokaye Eldoret kuelekea upande huo, akatega sikio penye mkutano wa Wakatoliki wa mashamba yale, atasikia maneno yaliyosafiri kutoka mbali sana: misa, Ekaristi, Noeli, Dominika, kitubio, kipaimara. Hakuna hata moja miongoni mwa hayo lililozaliwa katika Kinandi. Ni rahisi kudai kwamba mapadre walikuwa wazembe, kwamba waliidharau lugha ya wenyeji wakawaletea lugha ya pwani. Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa dai hilo ni nusu ya kweli tu, na kwamba sababu ya jambo lenyewe haina budi kutafutwa kwanza katika historia ya ardhi na ya kazi, ndipo tuulize habari za bidii au uvivu wa wamisionari.

Kipimo ambacho wenye lawama hupenda kukitumia ni mfano wa Frederic Baraga. Padre huyu, aliyezaliwa mwaka 1797 katika nchi ambayo leo ni Slovenia, alifika kwa Waottawa wa Michigan mwaka 1831, na mwaka uliofuata kitabu chake cha sala katika lugha yao kilikwisha kupigwa chapa mjini Detroit. Alipohamia kwa Waojibwa wa Ziwa Superior, aliandika sarufi ya lugha yao (1850) na kamusi (1853), kazi ambazo wanaisimu wa lugha za Wahindi Wekundu wanazitumia hata leo. Kwa nini, basi, Wanandi hawakumpata Baraga wao? Swali ni la haki, ila lasahau jambo moja. Waottawa na Waojibwa, ijapokuwa walikuwa wakinyang'anywa ardhi yao mbele ya macho yake, Baraga aliwakuta bado wakiishi kama jamii, kila jamii na lugha yake, kando ya maziwa yao wenyewe. Padre aliyefika kwao hakuwa na lugha nyingine ya kushika.

Baraga alifariki mwezi wa Januari 1868. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Padre Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu alianzisha misheni ya Bagamoyo, na huko hali ilikuwa kinyume kabisa. Watu waliokusanywa katika kijiji cha misheni walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, waliotoka Nyasa, Manyema na pande nyingine za bara. Hawakuwa na lugha ya mama iliyo moja. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa ya mji waliopelekwa kuuzwa. Kiswahili cha Kikatoliki, tangu siku yake ya kwanza, kilikuwa lugha ya watu waliong'olewa kwao.

Aliyekitia katika maandishi kwa uangalifu mkubwa kuliko wote ni Charles Sacleux, aliyefika Unguja mwaka 1879 na kurudi Ufaransa mwaka 1898. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891, sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi kuu ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939 na 1941, mtungaji akiwa amekwisha kupita miaka themanini. Sacleux hakuridhika na Kiunguja peke yake. Alizipa lahaja za pwani nafasi yake kila moja. Ndiye, kwa haki kabisa, Baraga wa Afrika ya Mashariki, isipokuwa alikuwa Baraga wa lugha ambayo waumini wengi wa kwanza wa misheni yake hawakuzaliwa nayo.

Msamiati wa dini uliotumika katika misheni hizi wastahili kutazamwa kwa karibu. Tabaka lake la chini ni la Kiarabu, lililokuwa limekwisha kuzoeleka kwa njia ya Uislamu: sala, dhambi, toba, malaika, neema, msalaba, hata kanisa lenyewe. Juu yake lipo tabaka la Kilatini na lugha zitokanazo nacho: misa, komunyo, sakramenti, Noeli iliyotoka moja kwa moja katika Kifaransa. Dominika ni mfano mzuri. Jumapili ni siku ya pili katika hesabu inayoanza baada ya Ijumaa, na mtu aweza kuelewa kwa nini padre hakupenda siku ya Bwana ihesabiwe kwa sala ya Waislamu. Hata jina la Mwokozi lilitofautiana: Wakatoliki wa zamani walisema Yezu Kristu pale Waprotestanti waliposema Yesu Kristo, na muumini alitambulikana dhehebu lake kabla hajamaliza salamu. Kisha yako maneno yaliyofinyangwa kwa udongo wa Kiswahili chenyewe, kama kipaimara, lililotumiwa na makanisa mengine pia: kitu kipacho uimara. Sijui neno la dini lililoundwa kwa ustadi zaidi.

Maneno haya yalipandaje hadi nyanda za Uasin Gishu? Si kwa njia ya utawala wa Kanisa, maana upande wa magharibi wa Kenya ulihudumiwa kutoka Uganda na mapadre wa Mill Hill, waliofika Uganda mwaka 1895. Maneno yalipanda pamoja na kazi. Baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905, na Wanandi kubanwa katika hifadhi, nyanda hizi walipewa masetla. Makaburu waliokuja kwa magari ya ng'ombe walifika mwaka 1908, na mwaka 1924 reli ikafika Eldoret. Mashamba ya ngano, mahindi na miwati yalihitaji mikono, na mikono ikaja: Wanandi waliorudi kama maskwota katika malisho yao wenyewe, Wakeiyo, Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu. Wengine walikuja wamekwisha kubatizwa katika misheni za Kavirondo. Prefektura ya Eldoret ilipotengwa na Kisumu mwaka 1953 na kukabidhiwa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ayalandi, mapadre wageni walikuta kambi za wafanyakazi ambamo Kinandi kilikuwa lugha moja miongoni mwa nyingi. Hali ilikuwa ile ile ya Bagamoyo, bila bahari.

Lakini Kiswahili kilichosikika mashambani hakikuwa kimoja. Setla alitumia Kisetla, lugha ya amri isiyo na upatanisho wa ngeli wala viambishi vya nafsi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kuwafundisha wenzake Kiswahili cha bara. Siku sita mfanyakazi aliitwa kwa "kuja hapa". Siku ya Dominika katekista alimfundisha kumwomba Mungu kwa vitenzi vyenye viambishi kamili, katika hali ya kutamani, kila nomino na ngeli yake. Kwa maoni yangu jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika historia ya Kiswahili cha bara. Hata kabla ya shule za serikali kuenea, wengi walionja Kiswahili fasaha kwanza katika katekisimu, na ndipo walipojua kuwa lugha waliyofokewa nayo ina adabu zake.

Hasara nayo ilikuwapo, wala si ndogo. Mwaka ule ule wa 1909 ilipotoka sarufi ya Sacleux, A. C. Hollis, ofisa wa serikali, alitoa kitabu chake juu ya lugha na masimulizi ya Wanandi. Mwaka 1939, lilipotoka juzuu la kwanza la kamusi ya Sacleux, Biblia nzima ilitoka katika Kinandi kwa juhudi za Africa Inland Mission. Kazi ya kukiandika Kinandi ilibebwa na ofisa na Waprotestanti. Kwa hiyo mzee wa Kinandi aliyemjua Asis, jina lenye uhusiano na jua, alimpokea Mungu wa Wakatoliki kwa jina la Kibantu. Hoja kwamba wasikilizaji walikuwa mchanganyiko haikumpunguzia ugeni huo.

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani juu ya liturujia, ya Desemba 1963, iliruhusu lugha za watu katika misa. Kiswahili kilikuwa tayari, na msamiati wake umekwisha kukomaa. Kikalenjin kililazimika kuanza nyuma. Jimbo lililoundwa mwaka 1959 chini ya Askofu Joseph Brendan Houlihan lilipata askofu aliyezaliwa katika jamii ya Wakalenjin mwaka 1990, naye ni Cornelius Korir, aliyeongoza hadi kifo chake mwaka 2017. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa mashambani walikimbilia uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret, na lugha ya mhubiri ikawa tena swali la nani anahesabiwa kuwa wa hapa. Mwaka 2009 Askofu Korir alitoa kitabu juu ya kazi ya upatanisho katika nyanda hizi. Alikiandika kwa Kiingereza, lakini jina lake akaliweka kwa Kiswahili: Amani Mashinani.