Othoptisti: Mlinzi wa ushirikiano wa macho katika upasuaji wa leza

MTU anapoamua kuachana na miwani kwa njia ya upasuaji wa leza, fikira zake zote huelekea kwa daktari na mtambo wake. Ni nadra kumkumbuka mtaalamu mwingine ambaye ushauri wake waweza kuamua iwapo upasuaji huo ufanywe au uachwe. Mtaalamu huyo ni othoptisti.

Othoptisti ni mhudumu wa afya aliyesomea jinsi macho mawili yanavyosogea na kushirikiana. Hafanyi upasuaji, na kazi yake si kuuza miwani. Hushughulikia makengeza, jicho zembe kwa watoto, na maradhi yanayomfanya mtu aone vitu viwili mahali palipo na kimoja.

Nchini Uingereza, mwanzilishi wa taaluma hii alikuwa Mary Maddox, bintiye daktari wa macho Ernest Maddox. Chama cha wataalamu hao kiliundwa mwaka 1937, na leo hakuna anayeruhusiwa kujiita othoptisti nchini humo bila kusajiliwa kisheria.

Ili kuelewa umuhimu wake, yafaa kujua leza hufanya nini. Miali yake hubadilisha umbo la konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ambao unene wake katikati ni takriban nusu milimita. Kwa njia ya LASIK, tabaka jembamba la konea hukatwa na kufunuliwa, tishu iliyo chini yake huchongwa kwa leza, kisha tabaka hilo hurudishwa mahali pake.

Hata hivyo, leza hutibu kila jicho peke yake. Haigusi misuli sita inayoliendesha kila jicho, wala ubongo unaounganisha picha mbili kuwa moja. Hapo ndipo hatari hujificha.

Kuna watu ambao miwani yao ina prizimu, yaani kioo kinachopinda mwanga ili macho yasiyolingana yaone kitu kimoja. Leza haiwezi kuichonga prizimu hiyo kwenye konea. Miwani ikiondolewa, huenda mgonjwa akaona herufi vizuri lakini akaziona mbili mbili.

Wengine hawaoni vyema vitu vya karibu, na miwani ndiyo inayoyazuia macho yao kugeukia puani. Endapo leza haitarekebisha kasoro yote, macho hulazimika kujikaza ili kuona, na kengeza lililokuwa limetulia huweza kurejea.

Kundi la tatu ni la wale wanaotaka jicho moja lione mbali na jingine lione karibu, ili wasihitaji miwani ya kusomea baada ya umri wa miaka 40. Mpango huu huwafaa baadhi ya watu, lakini kwa mwenye kengeza lililofichika huweza kuvunja ushirikiano wa macho. Ndiyo maana hushauriwa kuujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa machoni, kabla ya kufanya jambo lisiloweza kutenguliwa kwa urahisi.

Kabla ya upasuaji, othoptisti humuuliza mgonjwa iwapo aliwahi kufunikwa jicho utotoni, kufanyiwa upasuaji wa makengeza au kuona vitu viwili. Picha za zamani huweza kufichua kengeza au mazoea ya kuinamisha kichwa upande. Kisha hufunika jicho moja baada ya jingine akitazama yanavyosogea, hupima mkengeuko kwa prizimu, na kuchunguza uwezo wa kutambua kina. Miwani ya sasa hukaguliwa pia, kwa maana wengine huvaa prizimu bila kujua.

Baada ya upasuaji, mgonjwa akilalamika kuwa anaona viwili, hatua ya kwanza ni kufunika jicho moja. Picha ya pili ikitoweka kila jicho lolote linapofunikwa, macho hayalingani. Ikibaki, yamkini tatizo limo ndani ya jicho linalotazama, kwa mfano ukavu au konea isiyo laini. Macho yasiyolingana huweza kusaidiwa kwa miwani ya prizimu, mazoezi au, inapobidi, upasuaji wa misuli.

Palipo na uhaba wa othoptisti, vipimo hivi huweza kufanywa na daktari wa macho mwenye ujuzi wa makengeza. La muhimu ni kwamba vifanywe mapema.

Kwa hivyo, anayejiandaa kwa leza asione haya kueleza historia yake yote ya macho, abebe miwani yake, na aulize waziwazi: je, ushirikiano wa macho yangu umepimwa? Akiambiwa kuwa leza haimfai, hajanyimwa tiba. Ameepushwa na madhara ambayo huenda yangemwandama maisha yake yote.