Jumatatu Mbili za Richard Hamming

Mashine ya hesabu iliyomkasirisha mwanahisabati Richard Hamming ilikuwa hodari wa kujikagua. Kila tarakimu iliwasha relei mbili, si zaidi wala si pungufu. Zikiwaka tatu au moja, ilijua pameharibika. Siku za kazi walikuwepo mafundi wa kurekebisha. Lakini mwaka 1947, katika maabara za Bell nchini Marekani, Hamming alipewa mwisho wa juma tu, mafundi wakiwa makwao. Mashine iligundua kosa, ikaitupa hesabu yake na kushika ya mtu mwingine. Jumatatu akakuta patupu. Juma lililofuata, yaleyale.

Kwa simulizi yake mwenyewe, hapo ndipo alipojiuliza: ikiwa mashine inajua kwamba kuna kosa, inashindwaje kujua liko wapi na kulisahihisha?

Njia ya kugundua kosa ilikuwepo tayari. Ujumbe wa biti nne, 1011, una moja tatu. Huongezwa 1 mwishoni ili jumla iwe shufwa. Moja zikifika witiri, kuna biti imegeuka njiani. Biti zikigeuka mbili, hakuna anayeshtuka. Hamming alizipa biti nne walinzi watatu, kila mmoja akikagua kundi lake, na makundi yakaingiliana kiasi kwamba malalamiko yao yanaonyesha biti iliyoharibika.

Ugomvi ulizuka kwenye kuchapisha. Kazi yake ilisubiri masuala ya hataza hadi Aprili 1950, zaidi ya miaka 75 iliyopita. Mwenzake kazini, Claude Shannon, alikuwa ameitaja kwa mfano mmoja mwaka 1948. Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi, akauona mfano huo, akaupanua, na mwaka 1949 akachapisha makala fupi mno, haijai hata ukurasa. Nani basi alitangulia? Wanahisabati wamevutana sana. Heshima ya wazo ni ya Hamming, lakini ni dhuluma kumsahau Golay: msimbo wake ndio uliolinda picha za Jupiter na Saturn zilizotumwa na vyombo vya Voyager.

Mwaka 1961 W. Wesley Peterson alieleza njia nyingine ya kugundua makosa, ukaguzi wa CRC, unaotumika hadi leo katika mitandao.

Simu nazo zina mlinzi. Mtu akibonyeza *#06# huona namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile 14, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Tarakimu moja ikiandikwa vibaya, hesabu inakataa.