Fumo: Mkuki au Mtawala?

Juzi nikiwa Msambweni, mwalimu mmoja wa Kiswahili alinibana kwa swali. "Prof, sisi Wadigo tukisema fumo ni mkuki. Mbona basi Liyongo akaitwa Fumo? Aliitwa mkuki?"

Nilimpa jibu ambalo nimewapa wanafunzi kwa miaka mingi: mtawala ndiye mshika mkuki, hivyo silaha ikawa cheo. Jibu tamu. Lakini nilipofika Diani usiku ule, halikuniacha nilale.

Tuanze na silaha. Kamusi za zamani hulieleza fumo kuwa mkuki wenye bapa pana. Waswahili wengi leo husema mkuki tu. Kidigo na Kigiriama vimelihifadhi neno lenyewe. Ndugu zake wametapakaa: Waganda husema effumu, Washona pfumo, Wanyarwanda icumu, nao Wakikuyu itimu. Hiyo t ya Gikuyu ndiyo inayotuonyesha asili. Sauti t ya Kibantu cha kale, ikifuatwa na u ya kubana, hugeuka f katika Kiswahili.

Sasa cheo. Tunao Fumo Liyongo, Fumo Madi wa Pate, na Fumo Bakari wa Witu, aliyeshambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Wachewa humwita mtawala mfumu, Wakongo vilevile. Wamongo wao husema nkumu. Hapa pana k, si t! Na k nayo, mbele ya u hiyohiyo, hugeuka f: linganisha mafuta na maguta ya Gikuyu, au -fupi na -kuhi.

Kumbe ni mizizi miwili iliyopita tanuri moja ikatoka na sura moja. Ile -o ya mwisho katika cheo, kwa maoni yangu, imeazimwa kutoka kwa silaha: masikio ya watu yaliyafanya maneno mawili kuwa moja.

Je, kuna haja ya kujisumbua? Ipo. Mzizi wa cheo unahusu mtu wa heshima. Katika Kinyarwanda, umupfumu ni mpiga ramli. Tukishikilia kwamba fumo mtawala ni fumo mkuki, tunaandika historia ya pwani kana kwamba wazee wetu walitii ncha ya chuma tu, ilhali neno lenyewe linashuhudia heshima.

Nimempigia simu yule mwalimu, nikamwambia: futa jibu langu la kwanza. Akacheka. Wanafunzi wangu wa zamani nao, popote walipo, wafute.