Majengo 3 ya Mji Mkongwe Zanzibar na kwa nini yako hatarini

Mji Mkongwe, Unguja, uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Yafahamu majengo haya matatu.

Ngome Kongwe: Ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Siku hizi matamasha hupigwa humo ndani.

Beit al-Ajaib: Iko jirani tu na Ngome. Sultan Barghash aliijenga mwaka 1883. Desemba 25, 2020, ikiwa kwenye ukarabati, sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walifariki.

Kanisa la Mkunazini: Limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873.

Hatari iko wapi? Nyumba nyingi za hapa ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa huacha ukuta upumue. Ukiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, ukuta unalegea na boriti zinaoza. Ndiyo maana mafundi wazoefu bado wanashikilia chokaa.